Picha Thelathini za Chumba Kimoja

Jioni ile chumbani walikuwa watatu: dada mtu, mwanawe wa miezi kumi aliyelala godoroni, na mdogo wake wa kiume. Huyu walimwita Profesa, ingawa shahada ya pili yenyewe ilikuwa bado inamtoa jasho. Alikuwa akisomea kufundisha kompyuta kusafisha picha.

Alisimamisha kamera dirishani, giza likianza kuingia. Alitaka picha thelathini, moja kila dakika.

"Nitoke? Nisije nikakuharibia."

"Wewe kunja nguo zako, dada. Kompyuta inazipanga picha zote pamoja. Anayetembeatembea inamfuta. Aliyetulia inambakiza, hata awe hafifu vipi."

"Kwa hiyo mimi na kazi zangu zote tunafutwa."

"Umezoea."

Walicheka kwa sauti ya chini. Profesa akavua koti lake, akamfunika mtoto.

Picha ya thelathini ilipopigwa, alifungua kompyuta. Ukuta ukatokea. Kabati. Mtoto chini ya koti. Dada mtu hakuwamo, kama alivyoambiwa.

Lakini kulikuwa na ukungu, kutoka mlangoni hadi godoroni.

Profesa alitazama picha moja moja. Chenga tupu za giza, na dada yake akikunja nguo. Hakuna mtu mwingine.

"Labda nimekosea," alisema. Akazigawa mafungu matatu, kompyuta ipange kila fungu peke yake.

Kumi za mwanzo: mwanamke mrefu amesimama mlangoni.

"Ni mimi huyo?" dada mtu alinong'ona.

"Wewe hukutulia hata dakika."

Kumi za katikati: mwanamke yuko kando ya kabati.

Kumi za mwisho...

Ameinama juu ya godoro. Mkono wake umeingia chini ya koti.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani.

Dada mtu alimnyakua mwanawe. Mtoto alikuwa macho. Hakulia. Alitazama juu ya bega la mama yake, akitabasamu.

"Nipige nyingine?" Profesa aliuliza.

"Hapana. Tutoke."

Walitoka pekupeku. Mama mwenye nyumba aliwakuta barazani, akawaletea maji na ndara zake mwenyewe. Aliposimuliwa, hakushangaa.

"Mama aliyepanga kabla yenu alifiwa na mtoto humo," alisema taratibu. "Naye mwenyewe akafa kabla mwezi haujaisha. Sikudhani angekaa kumngoja mwingine."

Walihamia mtaa wa mbali. Wiki tatu baadaye mtoto alianza kutembea, mkono mmoja ameuinua juu, kama anayeshikwa na mtu mzima.