Maharagwe Nyuma ya Mlango wa Chuma

Jirani zangu, sikilizeni yaliyompata Mwasiti wa mtaa wa Murara.

Kila asubuhi sokoni, yeye na mchuuzi mwenzake Nyiramahirwe walipanga maharagwe juu ya meza moja. Mmoja akienda kusali, mwenzake aliuza kwa niaba yake. Wakichambua maharagwe walisikia yote: nani amejifungua, nani amefiwa, barabara ipi haipitiki. Yusufu, mume wa Mwasiti, aliyeleta magunia kwa lori kutoka mji wa Kiwanja, hakuondoka kabla mkewe hajamletea habari za soko.

Kisha vita vikabana njia, bei zikapanda. Mwasiti akaiacha meza. Akakodi depo, ghala lenye mlango wa chuma, akarundika magunia humo, akingoja bei ipande zaidi.

Nyiramahirwe akaja kubisha hodi.

"Mama, utuuzishie hata gunia moja, tugawanye pale mezani. Batu bako na njaa."

"Biashara haina undugu," Mwasiti alimjibu. "Mungoje kama wengine."

Nyiramahirwe akaenda zake. Na ninyi mnaonisikiliza, msiseme hamjawahi kuona mlango kama huo ukifungwa.

Toka hapo Mwasiti alishinda peke yake akilinda magunia, mwili umechoka na kazi yenyewe haionekani. Bei ilipopanda akaanza kuuza; alipoona magunia yanapungua, alimwambia Yusufu arudi Kiwanja kuleta mengine.

"Njia iko namna gani?" Yusufu aliuliza.

"Iko muzuri," alisema. Hakuwa amemuuliza mtu. Hakuwa na wa kumuuliza.

Jioni mwili wa Yusufu ulirudishwa umefunikwa blanketi. Watu wenye bunduki walikuwa wamelisimamisha lori.

Wanawake wa soko walikuja wote kwenye kilio. Waliteka maji, wakapika, wakalala chini pamoja naye. Mwasiti akamshika Nyiramahirwe mkono.

"Mulijua ile njia ni mubaya?"

"Tulijua tangu asubui. Bashoferi balisema pale mezani."

"Na hamukuniambia?"

"Hakuna mutu alikuficha, mama. Hatukujua kama Yusufu anaenda. Siku hizi tunajuaka nini ya kwako?"

Mwasiti akauachia ule mkono. Hakuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomlemea kuliko yote.

FUNZO

Sokoni ndipo tunapojuliana hali. Anayewafungia wenzake chakula anajifungia pia habari zao. Si lazima wamchukie. Inatosha kwamba hayupo wanapozungumza. Tafuteni faida, jirani zangu, lakini msiwaache watu mliokaa nao.