Viti Vinavyotazamana

Treni ya kutoka Dar iliingia Kilosa ikiwa imechelewa, na stesheni nzima ikainuka kwa pamoja: wauza miwa, wauza mayai ya kuchemsha, wapagazi, watu waliokuja kupokea wajomba. Katikati ya msukumano huo alikuwamo Irine, gauni la njano la mabega ya kupanda, nywele za kalikiti zinang'aa mafuta, akipigania kulifikia behewa la mizigo. Alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi, na boksi lake la maua ya plastiki lilikuwa humo. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kila kitu kilikuwa kinatoka nje, hata maua.

Ghafla kitu kama ndevu za mzee kikamfunika uso.

"We! Nini hiki? Nitoe!"

"Tulia, dada. Ukivuta unakaza."

"Hereni yangu!"

"Ndiyo hiyo. Imeikamata katani yangu."

"Katani yako ndiyo imeikamata hereni yangu!"

"Haya, basi tuzipeleke zote mbili polisi."

Mwenye sauti alikuwa mwanamke mrefu, shati la kiume la mtumba juu ya kitenge, kabeba bunda la katani nyeupe iliyochanwa hadi ikawa laini kama nywele. Alimwinamia Irine akaanza kuinasua hereni, uzi mmoja mmoja. Alinukia sabuni ya mche na jua. Irine, ambaye si mtu wa kukosa neno, alilikosa.

"Unasuka kamba?" aliuliza hatimaye.

"Natengeneza maua. Nawauzia abiria."

"Maua ya katani? Nani atayataka?"

"Wewe. Hilo ulilolishika hujaliachia tangu tuanze."

Irine akautazama mkono wake. Kweli.

Aliitwa Editha. Babu yake aliletwa kutoka Songea enzi za Mwingereza, manamba, kukata mkonge wa mabwana. Baba yake akaukata uleule chini ya bendera mpya. Naye akazaliwa kambini, chumba kimoja, akiisikia mashine ya kusaga mkonge kabla hajalijua jina lake. Sasa mashine ilikuwa imenyamaza. Shamba lilikuwa limeuzwa kwa bwana mmoja aitwaye Hezekia, na huyo hakuja kulima. Alikuja kufunga kufuli. Aling'oa mabati, akauza vyuma, akawaleta vijana wa kung'oa mkonge wenyewe, na wakubwa wakapiga makofi wakasema huo ndio uwekezaji. Watu wa kambi hawakuulizwa. Lini waliwahi kuulizwa?

Haukupita muda Editha akawa fundi wa Irine. Leo harusi Kilosa, kesho Mikumi, keshokutwa sendofu ya binti wa mwalimu, dereva wao Mudi akiwabeba kwa pikapu yake pamoja na mapazia na mitungi. Watu waliwaita mapacha. Wanawake wawili kulala chumba kimoja baada ya kazi, nani angeshangaa?

Nao walikuwa na desturi yao ya kazi. Kabla ya kila harusi, ukumbi ukiwa mtupu, walikaa kwenye viti vya maharusi waone kama maua yanaziba nyuso na kama taa zinachoma macho. Editha, kwa urefu wake, alikaa cha bwana harusi.

"Bwana harusi, mbona umenuna?"

"Viatu vinabana."

"Mshike mkeo mkono, basi. Ukumbi mzima unakutazama."

"Ukumbi mzima ni yule popo."

Akamshika. Siku hiyo hakumwachia hata walipomaliza kupima taa. Nyuma ya pazia la waridi wakabusiana mara ya kwanza, na pini zote zikamtoka Irine mkononi zikamwagika sakafuni.

"Siku yetu," Editha alisema baadaye, wakiokota pini, "viti vitatazamana."

"Siku yetu ipi, mpenzi? Kwa padri gani?"

"Nimesema padri mimi? Nimesema viti. Kwa nini maharusi wanakaa wakitazama watu kama wanapigwa picha ya kitambulisho? Mimi nitakutazama wewe. Watu watajijua."

Walicheka. Lakini tangu hapo wakaipanga harusi hiyo kama watu wenye tarehe. Ubwabwa badala ya keki, maana Editha alisema keki ni mkate uliojisahau. Gauni la njano lile la stesheni. Mgeni mwalikwa Mudi peke yake, kwa kuwa Mudi hasemi. Wakati ule nchi nzima ilikuwa inaimba ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kung'oa jasho la watu na kulipakia kwenye lori. Ruksa ya hawa wawili hakuna redio iliyoitangaza.

Jioni moja Editha alirudi kambini na katani ya mwisho, ile ya matuta ambayo vijana wa Hezekia walikuwa hawajayafikia. Aliikwangua kwa mkono, akaianika, akaichana, akasuka tao jeupe lenye maua yaliyolala moja juu ya jingine, bila rangi hata tone. Irine alikuwa anatunga sindano alipoletewa.

"Hili si la biashara," Editha alisema.

"Sawa," Irine alijibu, ulimi nje, jicho kwenye tundu la sindano. Alidhani halijakamilika tu.

Kisha Hezekia akamwoza binti yake katika hoteli moja Mikumi, kando ya barabara kuu. Editha alikuwa kijiji cha Ulaya, hukohuko Kilosa, kwenye msiba wa shangazi. Irine alipamba peke yake, na kwa kutaka kuonekana akachanganya maua ya plastiki na machungwa halisi, mashada kwa mashada, hadi madirishani. Mtu wa Mikumi angemcheka hapohapo. Alitoka nje kunywa chai. Aliporudi nyani walikuwa wamejaa ukumbini. Walikula machungwa, wakaonja plastiki, wakaitema, wakachana mapazia kwa hasira ya kudanganywa.

"Mudi!" Irine alilia. "Wageni wanakuja saa kumi!"

"Nyumbani kuna nini?" Mudi aliuliza. Kwa mtu asiyesema, hilo lilikuwa hotuba.

Nyumbani kulikuwa na tao.

Alilisimamisha juu ya jukwaa. Ukumbi ukatulia kama umeoshwa. Akaona bado kuna kitu kinapungua, na mikono, kwa mazoea ya ndoto, ikaenda yenyewe: akavigeuza viti vikatazamana. Wageni walipoingia walishusha sauti. Hezekia mwenyewe akamfuata.

"Binti, hii ni ya Ulaya gani?"

"Ya Kilosa, mzee."

"Acha utani!"

Irine alikuwa bado anacheka alipomwona Editha mlangoni, vumbi la barabara ya Ulaya hadi magotini, khanga ya msiba kiunoni. Alikuwa ameomba lifti aje kumsaidia. Alilitazama tao, akavitazama viti, akamtazama Hezekia akipiga makofi. Akatoka. Irine akamkimbilia hadi maegesho ya malori.

"Edi! Nyani waliingia, Edi, ungeona..."

"Nilikwambia si la biashara."

"Nilidhani hujamaliza! Jamani, ni mapambo tu. Tutatengeneza lingine, zuri zaidi."

"Kwa mkonge wa wapi?"

Lori likapita, likawamwagia upepo wote wawili.

"Kalifunga shamba," Editha alisema taratibu, "kaung'oa mkonge, na ule uliobaki umempelekea mwenyewe, umemtandikia binti yake. Hata viti, Irine. Hata viti ukampa."

Alipanda lori la kwenda Morogoro.

Kwa miezi mingi Irine alipanga foleni kwenye kibanda cha simu cha posta, akipiga kwenye gesti ambako Editha alikuwa akipika.

"Haloo? Naomba Editha wa jikoni."

"Editha yuko bize."

"Mwambie ni dada yake."

Sufuria zikagongana, halafu sauti ile. "Sina dada."

"Mpenzi wangu, nisikilize..."

"Usiniite hivyo kwenye simu. Wanasikia."

"Ukirudi nitakuita hivyo chumbani."

"Chumba kipi? Hujasikia? Kambi imevunjwa jana. Mama yangu kalala stesheni na magodoro yake."

Irine alikwenda kumchukua mama huyo siku hiyohiyo, lakini mama yake mwenyewe, Mama Generoza, alisimama mlangoni. Alimpa mgeni uji, akamuuliza habari za safari, kisha akasema nyumba ni ndogo. Irine alikuwa na mdomo siku hiyo pia. Hakuutumia. Hilo ndilo lililokuja kumla usiku na mchana, kuliko hata tao: kwamba alisimama pale kashika kikombe.

Mwaka uliofuata simu ikaja dukani kwa jirani.

"Irine? Ni mimi. Naolewa."

"Na nani?"

"Makarius, yule wa reli aliyefiwa na mke. Mtu mpole. Ana vyumba viwili, na mama kapata kimoja." "Nataka unipambie wewe."

"Edi, usinifanyie hivyo."

"Nani mwingine anajua keki siipendi?"

Alipamba. Ukumbi wa Kilosa, mchana mweupe, mapazia ya njano, maua ya makaratasi aliyoyakata mwenyewe kwa sababu plastiki hakuigusa tena. Editha alifika mapema, gauni la harusi mkononi, bado kavaa shati la kiume.

"Tupime viti," alisema.

Mara hii alikaa cha bibi harusi. Irine akakaa cha bwana, miguu haifiki vizuri chini.

"Bwana harusi, mbona umenuna?"

"Viatu vinabana," Irine alisema.

Editha alitazama mbele, kwenye safu za viti vitupu vya wageni. Akageuza shingo kushoto, kulia, akikagua kama fundi.

"Umeviweka vinatazama watu."

"Ndiyo."

"Vile vingine vilikuwa vizuri. Makarius asingekataa."

"Vile vingine si vya biashara," Irine alisema.

Editha alisimama, akashika kiti chake kwa mgongo, akakigeuza. Irine naye akakigeuza chake. Wakakaa, magoti yakigusana, mikono ya mmoja ndani ya mikono ya mwingine, wakatazamana pasipo padri wala popo, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Nilipaswa kumkaribisha mama yako," Irine alisema.

"Ulipaswa."

"Edi..."

"Nyamaza. Nitazame tu."

Nje pikapu ya Mudi ikapiga honi: sufuria za ubwabwa zimefika. Editha akamfuta Irine machozi kwa pindo la shati lake, akachukua gauni, akaingia chumba cha kuvalia.

Irine alibaki peke yake jukwaani. Akakishika kiti cha kwanza, akakirudisha kuwatazama watu. Kisha cha pili.