Picha za Ukumbi wa Wanawake

Asubuhi hiyo Zulikha aliunguza maziwa mara mbili. Tangu binti yake Amel aolewe na kuhamia Lyon, hakuwa na raha. Alipanga vikombe, akavipangua, akavipanga tena. Na kila siku Amel alipiga simu na ombi lilelile.

"Mama, picha za arusi yangu nitaziona lini?"

Picha zilikuwepo. Zilikuwa ndani ya kompyuta ndogo chini ya televisheni, hapohapo nyumbani kwao Tlemcen. Lotfi, mume wa Zulikha, aliiweka ili picha za familia zisikae kwa kampuni za watu. Lakini hizi hata yeye hakuziona, kwa sababu neno la siri walilijua mkewe na Amel tu.

Zilikuwa picha za ukumbi wa wanawake. Humo watu walivua hijabu, wakacheza mpaka wakalowa jasho. Zulikha mwenyewe alisimama mlangoni na kapu, akikusanya simu za wageni.

"Mpiga picha ni mwanamke," aliwaambia. "Na picha hazitafika machoni pa mwanamume. Hiyo ni ahadi yangu." Hajjat Badra, jirani mkali kuliko wote, alimkazia macho kwanza ndipo akatoa simu yake.

Juzi Lotfi alikuja akichekelea.

"Kazi imekwisha! Nimetazama video moja tu, nikafungua mlango kwenye ruta yetu ya intaneti. Amel ataingia akiwa hukohuko Lyon."

"Na wengine je?"

"Anwani yetu wataijulia wapi? Wewe una wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga!"

Alasiri hiyo akaja Wasila wa ghorofa ya juu, anayetunza kompyuta za chuo. Hata kahawa hakuionja.

"Mbona hii kompyuta inaunguruma hivi?"

"Tangu juzi," Zulikha alisema.

Wasila aliomba ruhusa, akafungua orodha ya walioingia na waliojaribu kuingia. Uso ukambadilika, akamgeukia Lotfi aliyekuwa ameketi sebuleni.

"Shemeji Lotfi, umefungua mlango kwenye ruta? Hapa wamebisha hodi mara elfu tisa!"

Zulikha alishika kiti. "Akina nani?"

"Ni mashine, dada. Zinazunguka mtandaoni zikijaribu kila kitasa. Haziulizi anwani ya mtu, zinajaribu zote."

"Kuna aliyeingia?"

"Subiri nisome."

Subira gani! Zulikha alikwenda jikoni, akarudi, akaenda tena. "Ole wangu! Wanawake arobaini waliniamini. Uso wangu nitauweka wapi?"

"Nilitaka mtoto afurahi," Lotfi alisema kwa sauti ndogo.

"Ameingia mtu mmoja," Wasila alisema. "Jana, saa nne asubuhi. Kutoka Ufaransa."

Zulikha alimpigia Amel, akamuuliza kama ndiye.

"Ni mimi, mama. Ilikwama, sikuona hata picha moja. Kwani kuna nini?"

Zulikha aliketi, akalia kidogo.

"Neno lako la siri ni refu, ndilo lililokuokoa," Wasila alisema. "Lakini programu ikiwa na kasoro, wataingia hata bila hilo neno. Shemeji, funga huo mlango sasa hivi."

Lotfi aliufunga. Kisha Wasila akaweka programu ya mtandao wa faragha kwenye kompyuta na kwenye simu ya Zulikha. Amel naye aliiweka kwenye simu yake, akielekezwa hatua kwa hatua.

"Hiki ni kichochoro chenu peke yenu," Wasila alieleza. "Kila kifaa kina ufunguo wake. Kisicho na ufunguo hakioni kitu."

"Simu ya Amel ikiibwa?"

"Unafuta ufunguo wa simu hiyo, basi. Zingine zinaendelea. Na akaunti inayotoa funguo, iwekee ulinzi wa hatua mbili, neno la siri pamoja na namba inayotokea kwenye simu yako. Programu nazo usiache kuzisasisha."

Wakajaribu. Zulikha alizima Wi-Fi, akatumia bando kana kwamba yuko mbali na nyumbani. Picha zikafunguka. Lotfi naye akazima Wi-Fi, akajaribu kwa simu yake. Hakupata kitu.

"Hata mimi baba mwenye nyumba?"

"Wewe baki na ruta yako!" Zulikha alimjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Muda si mrefu Amel alipiga simu, akicheka na kulia. Lakini mama yake hakutulia. Alijifunga hijabu, akaenda kwa Hajjat Badra, akamweleza yote bila kuficha.

"Siku mbili mlango wazi?" Badra aliuliza.

"Siku mbili. Aliyeingia ni Amel tu. Sasa pamefungwa, funguo ni mbili, wangu na wake."

Badra alimkazia macho kama siku ile ya arusi.

"Ningeyasikia haya kwa watu, nisingekanyaga kwako tena," Badra alisema mwishowe. Halafu akatoa simu mfukoni, akamsogezea.

"Haya, niwekee na mimi ufunguo. Tangu nizaliwe sijawahi kujiona nikicheza."