Moyo wa Dereva Namba Saba

Foleni ya soseji nyeusi sokoni Tammela, mjini Tampere, ilikuwa imejipinda mpaka kwa wauza maua, na Kerttu Vainikka, koti la njano, midomo imepauka kwa baridi, akarudi nyuma akakanyaga kiatu cha mtu.

"Hicho nakihitaji kazini, dada," alisema mwanamume wa ndevu nyekundu, ndani ya sare ya madereva wa tramu, treni za barabarani.

"Dereva? Basi naomba na mkono wako."

"Duh. Tampere siku hizi mnaposa kwenye foleni?"

Mkono kweli aliutaka. Kerttu alikuwa mtafiti chuo kikuu. Alitengeneza bangili zenye kompyuta ndogo kama punje ya dengu, zinazosoma mapigo ya moyo wa dereva ili uchovu ugundulike mapema. Programu yake iligeuza mapigo kuwa grafu ya milima na mabonde. Yule wa ndevu nyekundu, Oiva Jalkanen, akawa namba saba. Kabla majani hayajapukutika, akawa mpenzi wake pia, na mtaa mzima ukajua.

Utafiti una sheria: namba haina jina, usilitafute. Lakini namba ya mtu unayekula naye utaisahau vipi?

Siku moja Kerttu akaona kilima kwenye grafu. Kila tramu ifikapo Hervantajärvi, mwisho wa reli, moyo wa namba saba unaruka. Na pale kuna kibanda cha kahawa cha Aune, dada mwenye vishimo mashavuni. Akasogeza grafu: Lentävänniemi, mwisho wa pili, kilima kingine.

"Wawili," alinong'ona. "Kila mwisho na wake."

Akapiga simu.

"Oiva, kahawa ya Hervantajärvi tamu?"

"Ya moto."

"Na anayeimimina?"

"Kerttu, mpenzi, sema unalotaka kusema."

"Niseme nini? Moyo wako umeshasema."

"Umenichungulia," alisema Oiva, akakata.

Kesho yake Kerttu alipaka rangi ya mdomo, akapanda tramu kwenda kuwafumania. Mwisho wa reli Oiva akatoka kwenye chumba cha dereva, akampita bila salamu, nusu akikimbia, mpaka chumba cha upande wa pili. Tramu ina vichwa viwili, dereva huhama. Aune alikuwa amejiinamia, anajaza chemsha bongo ya gazeti.

Kerttu akamfuata mbio, uso unamwaka. Msomi mzima, hakuwa amefikiria kwamba mtu hutembea.

"Hatua hamsini," alisema Oiva akihema. "Kila mwisho wa reli." Akaivua bangili. "Nilisaini uchunge usingizi wangu, si unichunge mimi. Nifute."

Ilikuwa haki yake. Data zake zilikuwa pia sura nzima ya tasnifu ya Kerttu. Akafungua kompyuta magotini, akafuta, akamgeuzia aone.

"Jumatatu nitamweleza profesa nilichofanya," alisema. "Na wewe, kama umenichoka, niambie hapa hapa."

"Kwanza uliza ulichotaka kujua. Kwa mdomo."

"Unanipenda?"

Watu wa huku swali hilo hawalijibu haraka. Abiria wakapanda, wakaketi, wakajifanya wanatazama nje.

"Ndiyo."

"Nitahakikishaje?"

"Huwezi. Ndiyo maana watu wanaoana, mpenzi. Tuoane?" Akatupia jicho saa. "Jibu upesi, nina dakika moja."

"Dakika moja itatosha nini," alisema Kerttu, akamvuta kola ya sare, akambusu.

Tramu iliondoka imechelewa dakika tatu, na mtaani Hervanta mpaka leo wanalisimulia.