Barua ya Safari Isiyokuwapo

Enzi hizo, kengele ya shule ilipolia saa tisa, msichana hakuelekea nyumbani. Alikata nyuma ya maghala, akaingia sokoni kwa mlango wa wauza vyombo, mpaka kibanda cha tatu kutoka bombani, kwa mjomba wake fundi cherehani. Begi alilitupa chini ya meza ya kukatia, akapokea daftari la vipimo.

“Karani, umechelewa,” mjomba alisema, pini zimejaa mdomoni. “Serikali nzima imesimama.”

“Mwalimu alituweka, Mjomba.”

“Haya, andika. Kiuno, inchi thelathini na nane. Usimwandikie thelathini na nne kwa sababu anakukonyeza.”

Mteja alicheka hadi tumbo likaongeza inchi nyingine. Msichana aliandika. Darasa zima halikuwa na mwandiko kama wake, na mjomba alijivunia mwandiko ule kuliko hata suti alizoshona. Harufu ya chaki na mafuta ya mashine, pedali ikilia taka-taka-taka, vipande vya nguo vimejaa miguuni kama majani. Raha ile hakuipata tena mahali pengine popote.

Ugonjwa uliingia polepole. Kwanza mjomba aliacha kulala. Kisha akawa anajibu watu ambao hawakuwapo. Mchana mmoja alikutwa ameketi sakafuni, anakata kitambaa cha mteja vipande vyembamba kama utepe huku analia. Mama yake msichana, aliyekuwa dada wa fundi, tumbo moja, akampeleka hospitali ya magonjwa ya akili. Wakamlaza.

Siku ya pili mama aliweka karatasi mezani.

“Waandikie ofisi ya soko. Sema mjomba wako amesafiri kikazi.”

“Lakini Mama, Mjomba yuko hosp—”

“Najua aliko. Unataka tunyooshewe vidole mtaa mzima? Wewe andika.”

Akaandika. Herufi zilitoka nzuri, zimejipanga kama mishono. Mama akatia sahihi.

Mjomba alikaa hospitali miezi minne. Alirudi amekonda, ana bahasha ya dawa na macho yaliyotulia. Daktari alimwambia arudi kazini, maana kazi nayo ni sehemu ya dawa. Jumamosi ya kwanza alinyoa ndevu, akavaa shati la mikono mirefu, akaongozana na mpwa wake sokoni.

Mlangoni pa kibanda palikuwa na kufuli jipya. Ndani, mabeseni ya plastiki yamepandana hadi darini. Cherehani yake ilikuwa nyuma ya ofisi ya soko, imeegemezwa ukutani bila hata gunia la kuikinga na mvua. Gurudumu lilikwisha kushika kutu.

Mkuu wa soko alitoka na kicha cha funguo kiunoni.

“Aliyesafiri akipitisha siku tisini, kibanda kinarudi sokoni,” alisema. “Kanuni ni kanuni.”

“Sikusafiri, bwana mkubwa. Nilikuwa nimelazwa.”

“Wapi?”

Mjomba akataja hospitali. Mkuu wa soko akarudi hatua moja nyuma.

“Ala! Basi ndiyo kabisa! Nimkabidhi mkasi mwendawazimu katikati ya wateja? Nenda nyumbani ukapumzike, mzee.”

Neno “ukapumzike” alilitamka kama mtu anayetoa msaada. Ndivyo walivyo wenye funguo: wanakupokonya riziki yako, kisha wanakutakia afya njema.

Wiki nzima mjomba aliketi kitandani akikunja futi yake ya kupimia, anaikunjua, anaikunja tena. Chakula alikuwa anakirudisha bila kukigusa. Mama alisema moyo ukizama hivyo, ugonjwa nao utarudi. Ndipo msichana, alipokuwa anatafuta dawa ya mchana ndani ya bahasha, akaona karatasi ndogo iliyopigwa chapa: *Msaada wa kisheria bure kwa watu wenye ulemavu wa afya ya akili.*

“Bure ya wakubwa naijua mimi,” mama alisema. “Utazungushwa hadi viatu viishe.”

“Tukajaribu tu, Mama. Mjomba hali chakula.”

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fundi saa. Benchi moja, kabati lisilofunga, na wakili, mama wa makamo mwenye kandambili miguuni. Viatu vyake vya mahakamani vilikuwa chini ya meza. Mama alianza kueleza. Wakili akainua mkono taratibu.

“Samahani, dada. Aliyenyang'anywa kibanda ni yeye. Kaka, hebu niambie mwenyewe.”

Tangu mjomba arudi, hakuna aliyekuwa amemwomba aeleze mwenyewe. Alieleza yote, polepole, bila kuruka kitu. Wakili akafungua kijitabu cha kanuni za soko.

“Ukurasa wa nne. Siku za mtu aliyelazwa hazihesabiwi. Na hakuna panaposema fundi afukuzwe kwa sababu aliugua akili. Kesi hii ni yetu. Ila wao wana barua inayosema alisafiri. Nani aliiandika?”

Mama alitazama sakafu. Msichana akainua mkono kama yuko darasani.

“Mimi,” akasema.

“Utaweza kusema hivyo mbele ya kamati?”

“Na mtaa wote usikie?” mama akauliza kwa sauti ndogo.

“Ndiyo, dada. Sina njia ya kuwatetea kwa uongo.”

Alhamisi iliyofuata kamati ya soko ilikaa, watu saba kwenye viti vyenye mito, na wauza vyombo wakajazana dirishani. Mkuu wa soko alipunga ile barua.

“Someni wenyewe! Familia yake ndiyo iliyosema amesafiri. Leo wanabadilisha maneno.”

Wakili alimtazama msichana. Akasimama.

“Mwandiko huo ni wangu. Mjomba hakusafiri. Alikuwa hospitali, mimi nikijua.”

Dirishani watu wakaguna. Kabla hajaketi, mama naye alikuwa amesimama, kanga imemteleza begani.

“Mtoto msimlaumu. Nilimwambia mimi. Kaka yangu aliugua, nikaona aibu. Aibu ile niandikieni mimi, lakini kibanda mrudishieni.”

Wakili akatoa cheti cha hospitali na kusoma ukurasa wa nne kwa sauti. Mwenyekiti wa kamati akakohoa. “Lakini kazi ataiweza?”

“Muulizeni yeye, yuko hapa,” wakili akajibu.

Mjomba alisimama, akamtazama mkuu wa soko kuanzia miguuni mpaka kiunoni.

“Suruali hiyo niliishona mimi. Inakubana, naona. Nilikuachia inchi mbili za nguo ndani, kwa nyuma. Ilete, niifungue.”

Kicheko kilianzia dirishani kikaenea chumba kizima. Mwenyekiti mwenyewe alijifuta macho. Lakini cheti na ukurasa wa nne ndivyo vilivyoamua. Iliandikwa kwamba kibanda kifunguliwe kabla ya Jumatatu na mwenye mabeseni apewe nafasi nyingine. Mkuu wa soko aliuchomoa ufunguo wa kibanda kwa shida sana, kama jino.

Nje, mama alimshika kaka yake mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wakiwa wadogo. Msichana alikuwa akilia.

“Nisamehe, Mjomba. Ilinipasa kukataa kuandika.”

Mjomba alichutama, macho yake yakalingana na ya mpwa wake.

“Sikiliza, mwanangu. Wale walinifungia mlango kwa ubaya wao, nyinyi mkanificha kwa mapenzi yenu. Lakini siku ile mliyosema nimesafiri, hata anayenipenda asingejua pa kuja kunitazama. Kuugua akili ni kuugua, kama homa, kama mguu uliovunjika. Mtu akikuuliza mjomba wako yuko wapi, mwambie ukweli, kisha mwulize kama anataka kuja na wewe kumwona.”

Msichana aliitikia kwa kichwa, na wote watatu wakaenda kuichukua cherehani.