Maji Yaliyochemshwa

Mchomeleaji alijichimbia kisima uani, akakiwekea mfuniko wa chuma. Majirani walipopanga foleni bombani, yeye alicheka. "Maji yangu meupe kama machozi."

Siku moja dada wa idara ya maji alipita na chupa zake. "Baba, tunapima visima bure. Choo chako kiko hatua nane tu kutoka hapa."

"Binti, macho ninayo. Kapime matope ya wengine."

Mwaka uliofuata binti wa mchomeleaji alijifungua. Maziwa hayakutoka, mtoto akanyweshwa ya kopo. Bibi yake, mke wa mchomeleaji, aliyachemsha maji ya kisima mpaka yakatokota hasa. Wiki ya sita, midomo na kucha za mtoto zikageuka buluu. Alihema tu, hakulia. Walikimbia hospitali, lakini walikuwa wamechelewa. Walirudi wamebeba maiti.

Daktari alikuwa ameuliza habari za kisima. Ndipo yule dada akaja tena, akapima.

"Kuna naitreti nyingi mno," alisema. "Zinatoka chooni, zinapita ardhini. Hazina rangi wala ladha. Huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa."

"Lakini nilichemsha!" bibi akasema.

"Kuchemsha huua vijidudu, mama. Naitreti haifi. Maji yakipungua sufuriani, naitreti hubaki, ikazidi nguvu."

Bibi akaketi chini sakafuni. "Kumbe nilikuwa nampikia..."

Mchomeleaji aliinuka, akaenda uani. Aliyekataa kupimiwa ni yeye. Jioni ile aliuchomelea mfuniko, usifunguke tena.

Kisha akafuatana na dada nyumba kwa nyumba. Wengine walimjibu kama alivyojibu yeye. Alisimama pale pale mlangoni. "Nimezika mjukuu," alisema. "Pimeni kila mwaka. Choo kikae mbali na kisima, hatua arobaini au zaidi, upande wa chini wa mteremko."

Visima tisa vilipimwa. Vinne vilikutwa vibaya. Kimoja kilikuwa cha mshonaji mwenye mimba ya miezi minane. Tangu hapo alichota maji ya kunywa bombani. Leo mwanawe anatambaa, mnene, mtundu. Mshonaji alimleta kushukuru.

"Baba, mpakate."

Alimpakata. Mtoto akamvuta ndevu, akacheka.

Binti yake mwenyewe alihamia kwa wakwe zake. Hapokei simu za baba yake.