Kompyuta Iliyoachwa Wazi

Kila siku baada ya masomo, wanafunzi wa darasa la sita la shule moja ya Butembo walifagia darasa kabla ya kwenda nyumbani. Siku hiyo Bénite hakushika ufagio. Mwalimu Melchior alikuwa amemkabidhi kompyuta ya shule ili apange nyimbo za kupanda maharagwe, alizozirekodi kutoka kwa akina mama wazee wa Vuhovi. Kesho yake nyimbo hizo zingesikilizwa huko Beni, mbele ya shule nyingine.

Kanyere, rafiki yake Bénite, alifagia huku roho ikimuuma. Ni yeye aliyewajua wale mama, na ni yeye aliyempeleka Bénite hadi shambani kwao. Mbona kila mtu alitaja Bénite tu?

"Kanyere, niangalizie mashine. Naenda kunywa maji," Bénite alisema.

"Si uifunge kwanza?"

"Niizime? Mais lakini, hii mashine mzee ikizimwa, mpaka iwake tena tutalala hapa!" Bénite akacheka, akatoka.

Wenzao walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Kanyere alisogea kuangalia tu. Kwenye kioo aliona folda imeandikwa "Nyimbo za Bénite". Jina lake mwenyewe halikuwamo. Akaivuta folda hadi kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha akarudi haraka kwenye ufagio wake.

Bénite aliporudi, alitafuta huku na huku, halafu akapiga yowe. Mwalimu Melchior akaja mbio, akakuta nyimbo hazipo.

"Kuna nakala nyingine?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Ni mimi nimeharibu. Labda nilibonyeza vibaya," Bénite alijibu akilia.

Mwalimu akashusha pumzi. "Basi, Beni hatuendi."

Kanyere alidhani angefurahi, lakini moyo haukutulia. Hakuna aliyemshuku. Akinyamaza, mambo yangeishia hapo, na sauti za wale mama zingepotea. Akaweka ufagio chini, akafungua lile pipa, akairudisha folda mahali pake.

"Umejuaje kama iko humo?" Bénite aliuliza polepole.

"Ni mimi niliyeitupa. Niliona wivu."

"Weye! Na mimi niliogopa kuizima, nikakuachia nikikuamini!"

Mwalimu Melchior aliwatazama wote wawili. "Kanyere, kazi hii ni yako pia, nami nilikosa kukutaja. Lakini ukiwa na uchungu, njoo useme. Usiharibu jasho la mwenzako. Nawe Bénite, kufunga si kuzima. Tazama." Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Papo hapo kioo kikaomba neno la siri. "Kila unapoinuka, hata kwa maji tu, fanya hivi. Na nakala iwekwe mahali pengine. Si kwamba humwamini rafiki yako. Unamwepusha na kishawishi siku moyo wake unapomuuma."

Bénite akafuta machozi, akaandika neno la siri, akasogea kidogo kwenye benchi.

"Bado nimekukasirikia," alimwambia Kanyere. "Lakini keti. Huyu mama wa wimbo wa pili anaitwa nani?"